Hou Pi-o, Fundi wa Meno Aliyelinda Masikio ya Watu

Ndugu wafiwa, majirani wa mtaa wetu, Daktari Kang na madaktari wenzako mliotoka mbali, wanareli wenzangu, na nyote mliofika asubuhi hii kumsindikiza dada yetu, mimi ni Hou Tien-ting, mdogo wake marehemu, mstaafu wa karakana ya mabehewa ya Chiayi, nimepewa karatasi hizi nizisome kwa niaba ya ukoo, nusu nimeziandika mwenyewe na nusu mpwa wangu Ya-hui amezisahihisha kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo mkiona nimekwama mahali, mjue ni mwandiko wake.

Marehemu Hou Pi-o alizaliwa tarehe 14 Novemba 1940 kijijini Minhsiung, kaskazini kidogo ya mji huu wa Chiayi, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa marehemu mzee Hou Shui-lung, mkulima wa mananasi, na marehemu mama yetu Tsai Chao, na kwa kuwa kaka yetu mkubwa na dada yetu mdogo walikwisha kutangulia, leo katika wale wanne nimebaki mimi peke yangu.

Alianza shule ya msingi ya Minhsiung mwezi Septemba 1947, akamaliza Julai 1953 akiwa wa tatu darasani, lakini baba alikuwa na uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja tu mbele ya hapo, na nafasi hiyo ikawekwa kwa ajili yangu mimi niliyekuwa bado nina miaka tisa, kwa sababu nilikuwa wa kiume, jambo ambalo dada hakulisema hata siku moja kwa uchungu, alilisema kwa utani tu, kila nilipokosea hesabu, kwamba haya ndiyo matunda ya kumpeleka shule asiyefaa.

Katika miaka hiyohiyo, majira ya baridi ya mwaka 1950, mimi niliugua matubwitubwi, uvimbe wa mashavu ukaisha, homa ikaisha, kila mtu nyumbani akashukuru, na ni dada peke yake aliyeona kwamba akiniita kutoka upande wa kushoto sigeuki, akachukua bakuli la wali na kijiti cha kulia chakula, akasimama nyuma yangu akaligonga upande huu na upande ule, kisha akaenda kumwambia mama kwamba sikio moja la Tien-ting limekufa, naye wakati huo alikuwa na miaka kumi. Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa sikio moja, la kulia.

Mwezi Machi 1954 marehemu aliingia kazini katika karakana ya meno ya bandia ya marehemu Bwana Su Ping-kun, karibu na soko la mashariki, akaanza kwa kufagia vumbi la plasta, akafundishwa kuyeyusha nta, kisha kuchonga, kisha kusaga kwa mashine ya kukanyagwa na mguu, hadi alipofika miaka ishirini Bwana Su mwenyewe alikuwa akimpa yeye kazi ngumu, na watu wazima wa mji huu wanakumbuka jinsi muuza wali wa bata mzinga alivyokuja kulalamika kwamba meno aliyotengenezewa na Pi-o ni mazuri kupita kiasi, sasa anakula biashara yake mwenyewe. Alifanya kazi hapo miaka kumi na minane.

Tarehe 12 Desemba 1965 alifunga ndoa na marehemu Liao Mu-huo, mpeleka barua wa posta ya Chiayi, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akiingia karakanani kuuliza kama kuna barua ya kupeleka, ingawa kazi yake ilikuwa kuzileta. Mungu wa ndoa aliwajalia watoto wawili, Ya-hui aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1967, na Chih-yuan aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1970, nao wamewapa wajukuu wanne, na shemeji yangu Mu-huo alifariki tarehe 5 Mei 2009 baada ya miaka arobaini na mitatu ya ndoa ambayo ndani yake, kwa ushahidi wangu, alishinda ubishi mara mbili.

Tarehe 1 Septemba 1972 marehemu aliajiriwa katika idara ya masikio ya hospitali moja ya kufundishia madaktari, huku kusini, hospitali ambayo mwenyewe alisema isitajwe jina leo, kwa kuwa mifupa aliyoitunza ilikuwa ya watu na wala si ya hospitali. Idara ilikuwa imepokea drili mpya za umeme, zikawa zinakwama, mtu akamuuliza Bwana Su kama anamfahamu fundi, naye Bwana Su, huku akijua anajinyima, akamtoa dada. Kazi yake ilikuwa kuzitengeneza drili, kuandaa mifupa ya sikio ambayo madaktari vijana walijifunzia, na kusafisha vumbi wakishaondoka, na mifupa hiyo ilitoka kwa watu waliokuwa wameitoa miili yao ili iwasaidie madaktari kujifunza, kwa hiyo dada alifungua daftari akaandika jina la kila mmoja, na kila mwezi wa saba wa kalenda yetu, mwezi wa wafu, aliweka matunda, wali na ubani mbele ya kabati la mifupa, madaktari wakamcheka mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu wakawa wanaleta matunda wenyewe.

Daktari Kang Shih-hung, ambaye yuko hapa mstari wa mbele na ameniruhusu nilisome hili, alikuwa mwanafunzi wa upasuaji mwaka 1974, na siku moja alitoboa vibaya mfupa wa tatu kwa juma moja, akaitupa drili mezani, na dada aliyekuwa akifagia nyuma yake akamwambia, "Daktari, unabonyeza kama mtu anayetafuta mafuta ya petroli. Legeza kiwiko." Kijana akakasirika, akamwambia, "Haya, shika wewe." Dada akaweka ufagio chini, akanawa, akashika, na baada ya dakika arobaini nyuzi zote za ndani ya mfupa ule zilikuwa wazi, nzima, kama zimeoshwa, naye Daktari Kang akavuta kiti karibu, na kwa maneno yake mwenyewe, hakukiondoa tena kiti kile kwa miaka kumi na miwili.

Naomba niwaeleze kidogo jambo lenyewe, kama dada alivyonieleza mimi mezani kwake kwa nyuzi nne za tambi. Ndani ya mfupa unaobeba sikio kuna kimfereji kifupi, urefu wake hauzidi sana ukucha wa kidole kidogo, na humo zinapita neva nne kutoka sikioni kwenda kwenye ubongo, mbele juu iko ya uso, mbele chini iko ya kusikia, na nyuma ziko mbili za mizani, zile zinazotufanya tusimame bila kuyumba. Uvimbe unaoota humo kwa kawaida huanzia kwenye hizi za mizani, hivyo mpasuaji anayeingia kwa nyuma ya sikio hukutana na uvimbe kwanza, na neva ya kusikia imejificha upande wa pili, imebanwa, imekuwa bapa kama jani, pamoja na kishipa chembamba cha damu kinachoilisha. Ili kuufikia uvimbe wote ni lazima asage ukuta wa nyuma wa mfereji, na ndani ya ukuta huohuo kuna kitanzi cha mizani kilichojaa maji, ukikitoboa, mgonjwa anaamka kiziwi, hata kama neva yenyewe hukuigusa.

Sasa swali ni kwamba utasaga hadi wapi, na vitabu vya wakati ule vilitoa kipimo kimoja kwa watu wote, lakini dada alikuwa ametengeneza meno ya watu miaka kumi na minane na hakuwahi kuona vinywa viwili vinavyofanana, akaanza kupima, mfupa baada ya mfupa, kwa kipimio cha karakana ya meno, akaandika, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 1986 alikuwa amepima mifupa 318, akakuta kwamba kuna watu wanaokuruhusu milimita nane na kuna wanaokuruhusu tano tu, na kwamba kuna ufa mdogo nyuma ya mfupa ambao ukijua kuusoma unakuonya mapema kitanzi kimelala wapi. Hakuna aliyemtuma, na daftari lile hakuna aliyeliomba isipokuwa Daktari Kang.

Mwaka huo wa 1986 nilikuwa na miaka arobaini na miwili, kazi yangu ilikuwa kupita chini ya mabehewa na nyundo, kugonga kila gurudumu na kusikiliza, kwa sababu gurudumu zima linaimba na lenye ufa linakohoa, na kuanzia mwezi Februari magurudumu yote yalianza kunikohoa. Nilificha. Nilikuwa nikiyumba ninapogeuka, sikio langu la pekee lilikuwa likipiga mluzi mchana kutwa, nikasema ni uchovu, mpaka dada alipokuja nyumbani siku ya kufagia makaburi, akaniona nimegeuza kichwa kizima kumsikiliza mke wangu, akaniambia nivae viatu. Tarehe 22 Aprili picha za skani zilionyesha uvimbe wa milimita kumi na nne katika mfereji wa sikio la kulia, na bingwa mmoja wa kule Taipei aliyeletewa picha alijibu kwa barua nzuri sana kwamba uvimbe utolewe, na kwamba mgonjwa aanze mapema kujifunza kusoma midomo.

Mkuu wa idara alikuwa marehemu Profesa Weng Ting-kuei, mpasuaji hodari, mtu wa haki, lakini mtu ambaye watu hawakuzoea kumjibu, naye alikubali kujaribu kwa njia ya nyuma ya sikio, ila kwa mpango wake wa kawaida, kusaga ukuta kwa upana mpaka uvimbe wote uonekane, kwa kuwa uvimbe ukibaki utaota tena. Dada alizitazama picha zangu siku mbili. Siku ya tatu, tarehe 19 Mei, mbele ya madaktari tisa, alisimama katika mkutano ambao kazi yake humo ilikuwa kuleta chai, akasema kwamba kwa mfupa huu, ukipita milimita tano na nusu umefungua kitanzi.

Profesa akauliza, bila ukali, "Mama Hou, tangu lini watu wa meno wakatupangia upasuaji?"

Dada akamjibu, "Mimi sikupangii, Profesa. Nakuomba uje usage mfupa mmoja kabla hujamsaga mdogo wangu."

Akaja. Hilo peke yake lingetosha kwa mimi kumheshimu mtu yule hadi leo. Dada alikuwa amechagua katika kabati mifupa minne iliyofanana na picha zangu, Profesa akaketi kwenye hadubini, akasaga kwa mkono wake mzuri, taratibu, na alipofika milimita sita kitanzi kilifunguka mbele ya macho yake. Akachukua wa pili, kikafunguka. Hakugusa wa tatu. Aliinuka, akavua miwani, akaisafisha kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo ndilo lilikuwa gumu hasa, kwamba ikiwa atasimama kwenye tano na nusu, ataonaje mwisho wa uvimbe uliojificha ndani ya mfereji.

Dada akatoa mfukoni mwa koti kioo alichokitengeneza mwenyewe, mtoto wa kile kioo ambacho daktari wa meno hutazamia magego, cha chuma kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, kipana milimita tatu, shingo yake imepindwa, pamoja na ndoano ndogo iliyopindwa vilevile, akasema, "Yale usiyoyaona kwa mbele ya gego, Profesa, sisi huyatazama kwa kona."

Nilipasuliwa tarehe 3 Juni 1986. Sheria ilikataza ndugu wa mgonjwa kuingia, na dada alikuwa amekaa kwenye benchi la nje akimenya chungwa asilolila, Profesa alipopita akiwa amekwisha kunawa, akamwambia neno moja tu, "Ingia." Akasimama nyuma, karibu na mashine iliyokuwa ikipeleka milio sikioni mwangu na kuchora mawimbi ya neva yangu ikijibu, na saa ya tatu ya upasuaji mawimbi yale yalianza kushuka, yakashuka tena, na Profesa mwenyewe, ambaye hakuna aliyepata kumwona akisita, akasimamisha mikono yake hewani, wakasubiri, wakaimwagia neva maji ya uvuguvugu, wakasubiri, dakika kumi na moja nzima hakuna aliyesogea, hadi mawimbi yakarudi. Kisha wakaendelea kwa namna dada alivyokuwa akiwafundisha kwenye mifupa, wakiutenga uvimbe kutoka upande wa ubongo kuelekea sikioni, bila kuivuta neva hata kidogo kuirudisha kwenye ubongo, kwa kuwa kule mwisho nyuzi zake ni nyembamba mno na zikivutwa zinakatika, wakasimama kwenye milimita tano na nusu, wakaingiza kile kioo, na ndani yake wakaona kipande kilichobaki, kama punje ya mchele, wakakitoa kwa ndoano.

Nilipozinduka kichwa kilikuwa kimefungwa, macho mazito, na kitanda kimezungushiwa pazia pande zote, na mkononi nilikuwa nimeshika karatasi ambayo mke wangu aliniandikia kabla, endapo ningehitaji kusoma badala ya kusikia. Dada hakuja mbele yangu. Alisimama nyuma ya pazia makusudi, nisiione midomo yake, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, ile ya kila siku ya watu wa hapa wanapokutana njiani, "Tien-ting, umeshakula?"

Nikamwambia, "Nitakula vipi, na mmenifunga kichwa kama wali wa zongzi ndani ya majani."

Nikasikia kitu kikianguka sakafuni, na nilijulishwa baadaye kwamba ni Profesa Weng aliyeangusha faili.

Nilirudi kazini tarehe 6 Oktoba mwaka huo, nikaendelea kugonga magurudumu hadi nilipostaafu mwaka 2004, na tarehe 17 Januari 1991 katika uwanja wa Chiayi nilisikia gurudumu moja likikohoa chini ya behewa la abiria ambalo lilikuwa limekaguliwa saa sita kabla, likafunguliwa, likakutwa na ufa wa urefu wa kiganja, na nilipopewa cheti nilikipeleka moja kwa moja kwa dada, akakitazama, akasema wameandika jina lako kwa makosa, kisha akakitundika ukutani kwake, mpaka leo kipo.

Mwaka 1988 Profesa Weng alimteua marehemu kuwa mwalimu wa chumba cha mifupa, wa kwanza katika idara ile kufundisha bila kuwa na shahada, na alipopingwa alisema kwamba yeyote mwenye shahada anayeweza kumfunika huyu mama kwenye hadubini aje Jumatatu, na Jumatatu hakuja mtu. Tangu hapo kila mwaka wakati wa vuli walikuja madaktari kutoka Osaka, Seoul, Manila na Hanoi kukaa naye siku tatu, wengi wao wakubwa wenye nywele nyeupe, naye akawagonga viwiko kwa penseli bila kubagua. Hakukubali uongo katika kazi hii. Daktari Kang amenipa hesabu, kwamba kati ya wagonjwa 163 wenye uvimbe mdogo aliowapasua yeye kwa vipimo vya lile daftari, 98 waliondoka wakiwa wanasikia kwa sikio lililopasuliwa, na marehemu alikuwa akijua majina ya wale 65 wengine, na alikuwa akiwaandikia barua kila mwaka mpya. Alistaafu tarehe 30 Novemba 2005, akaendelea kwenda chumbani humo kila Alhamisi hadi mwaka 2014, macho yake yalipokataa.

Mwezi Agosti 2017 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa mara nne, mara ya mwisho kuanzia tarehe 11 hadi tarehe 26 Februari mwaka huu, alipoomba mwenyewe arudishwe nyumbani, na siku ya Jumamosi tarehe 9 Machi 2019, saa nne asubuhi, baada ya kunywa uji wa viazi vitamu vijiko vitatu na kumwambia Ya-hui kwamba cha nne ni chake, alifariki dunia kwa utulivu, akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Ameacha watoto wawili, wakwe wawili, wajukuu wanne, mdogo mmoja, na daftari lenye majina 402.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, mliomtunza mgonjwa aliyekuwa akiwakosoa mnavyoshika sindano, nawashukuru majirani, hasa familia ya ghorofa ya juu, kwani drili za miaka thelathini zilikuwa zimeyachosha masikio yake mwenyewe na televisheni yake mliisikia ninyi kuliko yeye, nawashukuru wanareli wenzangu mliobeba maua, wanafunzi wake wa nchi zote, na familia za wale wote ambao majina yao yamo katika daftari, ambao bila mifupa yao dada angebaki na maneno matupu.

Mwisho, Daktari Kang ameniambia kwamba humu ukumbini wamo watu waliopasuliwa kwa njia ile, wametoka Pingtung, Hualien, hata Kinmen ng'ambo ya bahari, na wengi hawafahamiani, hivyo naomba wale ambao bado wanasikia kwa sikio lile wasimame walipo, msione haya, simameni tu.

Asanteni. Nimehesabu thelathini na mmoja, na mimi wa thelathini na mbili.

Dada, wamesimama hao. Lala kwa amani, sisi huku tunasikia.